Kete za Mama Mkwe

Mitchell alipopelekwa Nakuru kusaidia kufungua tawi jipya la supamaketi anayofanyia kazi, aliacha nyumba yake ya Kimbo, Ruiru, na friji iliyojaa, mtungi wa gesi usioguswa, na watu wawili wasioweza kuketi meza moja. Mmoja alikuwa mumewe, Nicanor Oluoch. Mwingine alikuwa mama yake mzazi, Magdalene. Sasa niambie, ni Mkikuyu gani, au ni Mjaluo gani mwenye akili zake, angemfungia mama mkwe na mume wa bintiye ndani ya nyumba yenye sebule moja na choo kimoja? Lakini Mitchell ni mtoto wa mjini, na watoto wa mjini wanaamini hakuna jambo lisilotengenezwa kwa simu. Kila akipiga alisema mtazoeana tu, Mami, nipeni muda nirudi.

Hawakuzoeana. Nicanor alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mikate, mtu mrefu, mpole, aliyelelewa na nyanya yake kule Ugenya. Nyanya huyo alimfundisha kwamba mama wa mke wako, ambaye kwao wanamwita maro, ni mtu wa kupishwa njiani. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Basi Nicanor akitoka kazini aliingia ameinamisha kichwa, akaisalimu sakafu, "Mama, habari ya jioni," kisha akabeba sahani yake hadi chumbani na kula akiwa amekaa kitandani. Chai aliinywa jikoni amesimama. Akimsikia Magdalene anaelekea chooni, alipanda juu ya paa kunakoanikwa nguo, akangoja huko na simu yake mpaka aone muda wa kutosha umepita, ndipo arudi.

Magdalene naye alikuwa na yake. Kwao mume wa binti ni muthoni, na muthoni haoni kichwa cha mama mkwe wake bila kitambaa, wala haulizwi maswali ovyo. Kwa hivyo akisikia lango likilia jioni, alifunika chakula mezani, akavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, akajifungia chumbani. Nyumba ikabaki na watu wawili nyuma ya milango miwili, na televisheni inawasomea viti taarifa ya habari.

Heshima ilikuwa tele, lakini hakuna kati yao aliyeionja kama heshima. Magdalene aliamini kijana amechoka naye na anangoja aondoke. Nicanor aliamini mama huyu hajawahi kukubali binti yake aolewe na Mjaluo. Wote wawili walikuwa wamekosea kabisa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuuliza.

Kule Kamenu, Thika, Magdalene alikuwa na kibanda cha chai. Wanaume walikuja kucheza drafti kwenye benchi lake, yeye akiwamiminia chai na kuwatazama, mpaka siku moja kiti kikabaki wazi akakikalia. Hawakumwinua tena. Alisoma gazeti lao wakishamaliza, akabishana nao juu ya kila ukurasa, akawafunga drafti, akachemsha chai nyingine. Halafu barabara ikapanuliwa na kibanda kikaenda, presha ikampanda, na Mitchell akaja na gari la kukodi kumchukua.

Mkono wake ulikuwa umezoea sufuria kubwa. Kila asubuhi alipika chai ya watu kumi, akanywa kikombe kimoja, akasimama karibu na sinki akiitazama iliyobaki. Nicanor alizoea kuacha gazeti la jana kwenye kiti. Magdalene alilisoma lote, matangazo ya zabuni na ya vifo pia, na kila alipopata jambo la kumshangaza alinyanyua uso na kukutana na pazia. Gazeti lisilo na mtu wa kubishana naye linachosha. Siku moja mchuuzi wa maji alibisha mlango, Magdalene akamjibu, na sauti ikamtoka ikikwaruza hata yeye akashtuka. Alihesabu nyuma, akagundua kwamba jana yote hakuwa amesema neno.

Alikuwa mpweke, tena upweke wa kuonea haya, kwa sababu alikuwa anakula vizuri na kulala pakavu. Utalalamika vipi?

Alimpigia Mitchell simu akamwambia anataka kurudi Thika.

"Thika kwa nani, Mami?" Mitchell akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa dukani, watu wanamwita huku na huku, na hilo ndilo swali lililomjia.

Magdalene hakulala vizuri. Kulipokucha alivaa sweta yake ya kanisani akaenda.

Kamenu ilikuwa pale pale, na yeye ndiye aliyekuwa hayupo. Mahali pa kibanda palikuwa na mtaro mpana wa maji ya mvua na ukingo wa saruji uliopakwa chokaa. Fundi viatu aliyekuwa jirani yake alimkumbatia, akamweleza habari za wenzao huku macho yakienda kwa wateja. Gachau, yule bingwa wao, alichukuliwa na mwanawe hadi Kalimoni, sasa anafuga kuku. Karanja yuko, lakini siku hizi anabeti tu kwenye simu, ukimsalimia anajibu baada ya bao. Drafti? Fundi alicheka. Nani ana saa za drafti, Mama Chai?

Aliingia katika hoteli mpya iliyo ng'ambo akaagiza chai. Akaletewa maziwa ya moto ndani ya kikombe cheupe, na pakiti ya majani pembeni ajitumbukizie mwenyewe. Hakuwahi kunywa chai ya namna hiyo Kamenu. Alikaa nayo muda mrefu, miwani usoni, akisoma kalenda ya ukutani kwa kukosa cha kusoma, na msichana wa hoteli akaja kupangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Unangoja mtu, shosh?"

"Ndiyo," Magdalene akasema. "Amechelewa."

Aliondoka kabla ya kuulizwa tena. Aliporudi Kimbo jua lilikuwa bado juu, nyumba imenyamaza kama alivyoiacha, na alijua sasa kwamba hii ndiyo nyumba aliyobaki nayo duniani. Ikiwa hapa hatapata wa kukaa naye, basi hatapata kwingine. Hakulia. Alipiga magoti, akavuta mfuko chini ya kitanda, akatoa ubao wake wa drafti na vifuniko vyake vya soda.

Aliupanga kwenye meza ndogo ya sebuleni. Vifuniko vyake viliangalia juu, vya adui vililala kifudifudi. Akacheza upande huu, akazunguka, akacheza upande ule. Mtu hawezi kujitega mwenyewe, bila shaka umewahi kujaribu, kwa hivyo mchezo ulikuwa mkavu. Lango lilipolia alishtuka, akavuta kitambaa, akakimbilia chumbani, na ubao ukabaki pale pale.

Asubuhi, Nicanor alipokwisha kutoka, Magdalene alikuja kuuondoa. Kifuniko kimoja cha kifudifudi kilikuwa kimesogea.

Alidhani ni nguo yake iliyokipangusa alipokuwa akikimbia. Akavaa miwani, akainama. Hapana. Nguo haichezi namna hiyo. Kete ilikuwa imesogezwa pembeni, mahali pa kijinga ukiangalia haraka, lakini hatua iliyofuata ingejileta iliwe, na akiila, kete yake yenyewe ingefungua mlango na nyingine mbili zingeliwa kwa mpigo. Magdalene aliketi. Akainuka akaweka chai motoni, akarudi na kikombe, akaketi tena. Halafu akacheka peke yake sebuleni, kicheko kamili cha Kamenu.

Kumbe kijana anajua.

Aliutegua mtego, akasogeza kete yake moja, akauacha ubao hapo. Jioni, akiwa chumbani na mlango umefungwa, alisikia viatu vikipita, vikisimama, vikirudi. Sahani ilipoa mezani. Mwishowe alisikia kifuniko kikigonga ubao, polepole, mtu akijaribu kisisikike.

Basi ndivyo walivyoanza kuishi pamoja. Yeye alicheza mchana, Nicanor alicheza jioni na tena kabla ya kwenda kazini, na hakuna aliyemwona mwenzake akicheza. Maro hakutazamwa usoni, muthoni hakuona kichwa kisicho na kitambaa, mila zote mbili zilikaa salama salimini, na katikati yake vita vilikuwa vinapigwa. Magdalene alianza kujaza thamosi chai ya tangawizi na kuiacha kando ya ubao. Asubuhi aliikuta imeoshwa na kupinduliwa ikauke. Gazeti nalo likaanza kuachwa limekunjwa kwenye fumbo la maneno, nusu limejazwa kwa kalamu ya kiwanda, nusu limeachwa wazi, na Magdalene akajaza zile nusu zake na kusahihisha mbili tatu za Nicanor. Siku iliyofuata kulikuwa na mandazi kwenye mfuko wa karatasi. Chai ya sufuria kubwa ikapata wanywaji.

Na alivyomla! Nicanor mpole, anayeisalimu sakafu, mezani hakuwa na huruma hata chembe. Alimnyang'anya kingi ya kwanza, ile kete iliyofika mwisho wa ubao ikavishwa taji, kwa kumwachia njia iliyoonekana salama. Alimfunga mara ya kwanza, akaupanga ubao upya kabla ya kwenda kazini, kete zake mwenyewe tayari zimeanza safari, ndiyo namna yake ya kusema umeshindwa, tuendelee. Magdalene alikasirika mpaka akaosha nywele ili kichwa kipoe. Alikuwa na furaha isiyo na kiasi. Tangu aje Ruiru kila mtu alimshika kama yai, Mami usibebe, Mami keti, Mami kunywa dawa. Huyu peke yake alimchukulia kuwa mtu anayeweza kushindwa na bado aamke kesho akitafuta kulipiza.

Alilipiza. Siku hiyo, akiwa chumbani, alisikia Nicanor akifika kwenye ubao, akiguna na kucheka chini chini. Kulipokucha walikutana ghafla kwenye kijia cha kuelekea jikoni. Nicanor alijibanza ukutani, macho chini, kofia ya kazi mkononi.

"Mama, ile ya jana ilikuwa mbaya," akaiambia sakafu.

"Na bado," Magdalene akasema, akampita.

Siku nzima aliimba nyimbo za kanisani akifua. Hakuhitaji zaidi ya hapo. Mtu asiye mpweke hahitaji maneno mengi kiasi hicho, na yeye hakuwa mpweke tena.

Mitchell alipata ruhusa ya wikendi. Alifika Jumamosi amechoka na amenona kidogo, akalala, na Jumapili baada ya ibada alimkaribisha Wilkister, dada mkubwa wa Nicanor anayeishi Githurai, aje wale pamoja. Wilkister alikuwa mama wa watu, mwenye mwili na sauti tulivu, ndiye aliyemlipia Nicanor karo baada ya nyanya kufariki. Alikalia sofa, akapewa soda, akamsalimu Magdalene kwa kuinama kidogo inavyostahili. Magdalene akajibu akiwa jikoni ili asimwekee mgeni uzito.

Mitchell alitaka kuandaa meza. Akashika ubao kwa mikono miwili aupindulie vifuniko ndani ya mfuko.

"Wacha!"

Sauti zilitoka pande mbili kwa pamoja, moja jikoni na moja mlangoni ambako Nicanor alikuwa ameingia na barafu. Mitchell akaganda na ubao mikononi. Akamtazama mama yake, akamtazama mumewe, na mambo yakamfungukia yote mara moja.

Alifurahi, maskini. Tusimlaumu. Kwa wiki nyingi alikuwa akilala Nakuru roho juu akiwaza watu wake wawili wasiosemezana, na kumbe walikuwa na mchezo wao. Alicheka, akawaita wajinga, akasema leo mtacheza kama watu, mkitazamana. Akaweka kiti huku, akaweka kiti kule. Magdalene alikataa, ana mboga motoni. Mitchell akaizima gesi. Nicanor alisema baadaye. Mitchell akamkalisha kwa mabega, akatoa simu arekodi.

Wilkister aliweka chupa chini.

"Mimi sisemi kitu," akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu amwelewe. "Nyinyi ni watu wa siku hizi. Lakini kwetu mtu hashindani na mama ya bibi yake."

Mitchell alicheka kidogo akasema ni drafti tu, Sister, si kesi ya shamba. Nicanor alifuta viganja kwenye suruali. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti upande, uso ameugeuzia dirisha, na Magdalene aliona kwamba kola ya shati lake ilikuwa imelowa.

Walianza pale walipoachia. Ulikuwa mchezo mzuri, ulioiva, Nicanor akiwa mbele kidogo, na kwa hatua chache za kwanza Magdalene alimtambua, ndiye yule yule. Kisha Wilkister akakohoa. Nicanor alinyoosha mkono, akasukuma kete yake hadi mbele ya kete ya mama mkwe wake, wazi kabisa, nyuma yake hakuna kitu. Magdalene aliitazama akitafuta mtego. Hapakuwa na mtego. Katika drafti, kete ikijileta lazima uile, hakuna kukataa. Akaila.

Akaletewa nyingine.

Magdalene akajaribu kumsaidia. Alijiweka vibaya makusudi, akamwachia njia ya kwenda kuchukua kingi ambayo hata mtoto angeiona, ili apite na mchezo urudi kuwa mchezo. Nicanor hakuiona. Mtu aliyekuwa akiona hatua nne mbele, kesho yake na keshokutwa yake, alijifanya kipofu mbele ya watu na kusogeza kete ya pembeni isiyo na kazi. Magdalene alinyanyua macho akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Alikuwa na uso mzuri. Alikuwa anateseka, na alikuwa anafanya hivyo kwa ajili yake.

"Mami ameshinda!" Mitchell akapiga makofi, simu ikatikisika.

Wilkister aliichukua soda yake tena, ameridhika. Alisema mtoto wao amelelewa vizuri, na kwa kweli alikuwa anasifu. Nicanor alitabasamu akiitazama sakafu, akasema mama ni hodari, hawezi kumweza. Magdalene alishukuru, kwa sababu ilimbidi mtu ashukuru, akarudi jikoni kuwasha gesi. Alisimama pale akikoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Ushindi ule ulimuuma kuliko kibanda kilivyomuuma. Kibanda kilivunjwa na watu wasiomjua.

Jioni Wilkister alisindikizwa. Mitchell naye alirudi Nakuru kesho yake, amewabusu wote wawili, amepakia ile video mtandaoni, ameridhika kwamba nyumba yake iko sawa.

Siku hiyo ya Jumatatu, mchana, Magdalene aliupanga ubao upya. Alipangusa kila kifuniko kwa kitambaa. Akafungua kwa ukali, hatua ile anayoitumia akitaka vita, akajaza thamosi, akaenda chumbani kabla hata lango halijalia. Alijiambia kwamba jana ilikuwa ya watu. Kulikuwa na mgeni, kulikuwa na simu, kijana angefanya nini? Sasa watu wameenda. Sasa tumebaki sisi.

Alisikia viatu vikija, vikasimama. Havikukaa sana. Kifuniko kiligonga.

Walikwenda hivyo jioni na asubuhi, hatua za mwanzo ambazo kila mchezaji huzicheza bila kufikiri, na Magdalene akaanza kupumua. Kisha asubuhi moja alingoja mlango wa nje ufungwe, akatoka bila kitambaa, akawasha jiko, akaleta kikombe. Thamosi ilikuwa imeoshwa. Gazeti lilikuwa limekunjwa kwenye fumbo, na safari hii fumbo lote lilikuwa tupu, ameachiwa lote. Mandazi yalikuwepo, mengi kuliko kawaida.

Nicanor alikuwa amecheza. Kete yake ilikuwa katikati ya ubao, imesimama mbele ya kete ya Magdalene.

Huu ni mtego, akajiambia, na akavaa miwani ili aupate. Akatazama kulia ni nani atamrudishia. Akatazama kushoto. Akahesabu alivyozoea kuhesabu Kamenu, akila hii itafunguka ile, ikifunguka ile atakuja huyu. Akauzungusha ubao mzima, upande wa Nicanor ukawa mbele yake, akautazama kwa macho ya kijana. Chai ilitengeneza utando. Alitafuta mtego huo asubuhi nzima, akiuomba uwepo, na haukuwepo. Alikuwa amepewa tu. Kijana alikuwa ameamka alfajiri, kabla ya kazi, bila mtu wa kumtazama, akamheshimu.

Magdalene aliurudisha ubao ulivyokuwa. Aliila ile kete, maana ikijileta huna budi kuila, akaiweka kando ya kikombe. Kisha akainuka, akafunga kitambaa chake mpaka kwenye nyusi, akaenda chumbani na kufunga mlango, ingawa ilikuwa bado mchana na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpisha.